Chungu Kilichotoka Kilimani kwa Babu Yako

Faida mwanangu,

Saa hizi uko kwa Mama Kavira, kichwa chako kiko katikati ya magoti yake, anakusuka, na bila shaka anakusimulia tena jinsi lori lake lilivyolala siku tisa kwenye matope likiwa limebeba chumvi. Amesema mtamaliza kabla ya saa kumi na moja. Nina mchana huu tu. Kesho asubuhi, lori hilohilo likishawaka, sitasema kitu cha maana. Unanijua. Nitavuta kamba za mizigo kuona kama zimekaza, nitamuuliza dereva swali moja mara tatu, kisha nitakuacha uende Kisangani.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala mahali pa kuficha pesa, wala wavulana. Masista wa shule watakuambia, na bibi yako Koko amekwisha kukuambia kupita kiasi. Nataka kukuandikia habari ya kitu kimoja ambacho mpaka leo sijakielewa. Nilikuwa nangoja nikielewe kwanza ndipo nikueleze vizuri, kama somo lililoandaliwa. Nimengoja karibu mwaka mzima na sijaelewa zaidi ya nilivyoelewa siku ya kwanza. Kwa hiyo usitafute humu mwalimu. Darasani najua ninakokwenda. Humu sijui.

Tangu ulipojua kuuliza, uliniuliza kitovu chako kilizikwa wapi. Watoto wa hapa Mubi walikuwa wakionyeshana: cha huyu chini ya mgomba, cha yule nyuma ya nyumba ya baba yake. Nami nilikujibu kila mara: kiko kilimani kwa babu yako, kwenye mavi ya chuma. Ulikuwa ukianguka chini kwa kicheko kwa sababu ya neno mavi. Unayakumbuka yale mawe meusi, mazito, yenye matundu, uliyokuwa ukijaza mifukoni mpaka sketi inashuka? Ni masalio ya wale wazee waliochoma mawe ndani ya tanuri za udongo mpaka chuma kikatoka. Babu yako hakuwahi kuchoma mawe. Yeye alifua majembe na visu kwa springi za malori yaliyokufa barabarani. Lakini alikuwa wa ukoo huo, na kilima kile kilikuwa cha baba zake.

Jibu nililokupa lilikuwa la kweli mpaka mwaka jana. Sasa sidhani kama bado ni la kweli, na aliyefanya lisiwe la kweli ni mimi.

Nianze na Nyamitaba. Unajua kwamba nilisomea huko, kwa shangazi yangu, katikati ya ng'ombe na fromaji ya maziwa yao na baridi ya milima ya Masisi. Unajua pia kwamba baba yako ni mtu wa huko. Jina lake nilikupa ulipotimiza miaka tisa, siku ile ulipoacha kula mpaka nikuambie. Nisichokuambia ni namna nilivyorudi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, wa kwanza darasani, na tumbo la miezi mitano. Babu yako alikuja kunichukua kwa miguu. Siku sita tulitembea kushuka kuelekea msituni, na katika siku sita hizo alinisemesha neno moja tu, alilolirudia kila tulipofika kwenye njia mbaya: "Muzizi." Alikuwa mbele, akiona mzizi uliojitokeza anasema "Muzizi," nami nainua mguu. Nililia njia nzima nikiamini ananichukia. Nilikuwa mtu wa kusoma vitabu, Faida, nikidhani mapenzi lazima yaandikwe ndiyo yasomeke. Ilinichukua miaka mingi kusikia alichokuwa akisema.

Ulipozaliwa hakuna mtu aliyekuja kutoka upande wa baba yako. Kwetu, kitovu cha mtoto kinachukuliwa na watu wa baba yake. Wao ndio wanaochagua udongo. Koko alikifunga kwenye jani akakiweka juu ya dari la jikoni, penye moshi, tukangoja. Wiki tatu. Halafu asubuhi moja babu yako alikichukua bila kumuuliza mtu, akaenda kilimani peke yake. Katika ukoo wa wafua chuma kuna njia hiyo: mtoto ambaye watu wake hawakuja anapewa tanuri. Anawekwa pale chuma kilipozaliwa, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo anayeruhusiwa kumwita mtoto wa njiani. Alirudi saa sita na matope magotini, akanywa maji, akasema: "Anaitwa Faida." Ndiyo siku niliyoanza kusikia sauti yake tena.

Mwezi uliofuata nilikupeleka kuandikishwa. Karani aliuliza, "Baba?" Nikasema, "Hajulikani." Akanisukumia kalamu. "Andika weye mwenyewe, si ulisoma?" Nikaandika. Nilimjua baba yako, nilijua na rangi ya viatu vyake vya shule, na nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: hajulikani. Niliona ni rahisi kuliko kueleza. Likumbuke neno hilo, litarudi.

Sasa nije kwenye barabara.

Walipoanza kuipanua ili malori ya mgodi wa Bisie yapite bila kuzama, kilima cha babu yako kilikuwa kwenye mstari. Kabla ya katapila kupita, kampuni iliambiwa ingoje wataalamu wachimbe. Akaja Profesa Anaclet kutoka Kisangani na wanafunzi wake wanne, kamba, brashi na chekeche. Alitaka mtu wa hapa anayeandika vizuri, ajaze fishi: kila kitu kinachotoka ardhini kinapata karatasi yake, namba, kina, rangi, maelezo. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Ulikaa na Koko miezi miwili ile, nami nilikuwa narudi jioni na udongo puani, nina furaha kiasi kwamba ulinuna. Ulisema, "Unarudia hapa kulala tu." Ulikuwa na haki.

Aliyenipinga ni Papa Musafiri, mdogo wa babu yako, ambaye tangu babu yako afariki ndiye mkubwa wa ukoo. Zamani mwanamke wa umri wa kuzaa hakukaribia tanuri linalowaka, kwa sababu tanuri lenyewe lilikuwa linahesabiwa kama mwanamke aliye kwenye uchungu.

"Huyu hapana," alimwambia Profesa, akininyooshea kidole. "Mwanamuke mwenye kuzaa akifika hapa, chuma inakataa kutoka."

"Papa, chuma ilishatoka zamani sana," Profesa akajibu.

"Ile ilitoka ilienda. Ile ilibakia iko inasikia."

Walicheka wote, hata yeye. Mwishoni alikubali, lakini kwa sharti: kabla ya jembe la kwanza, ardhi iulizwe na watu waulizwe. Asubuhi ile tulisimama kwa mstari, wachimbaji, wanafunzi, mimi. Papa Musafiri alimwaga pombe ya ndizi kidogo kwenye nyasi, kisha akapita mbele ya kila mmoja.

"Mwenye iko na kintu yake mu hii bulongo aseme sasa. Tutaitoa polepole, kwa heshima, tutaipeleka pengine. Hatutamucheka mutu."

Hatutamcheka mtu. Alisema hivyo, nilisikia. Wa kwanza alisema hana kitu. Wa pili alisema mama yake alizika jino lake karibu na mti ule. Wakaenda, wakapiga goti, wakachukua konzi ya udongo, wakaifunga. Hakuna aliyecheka. Akafika kwangu.

Nilikuwa na maneno mdomoni, Faida. Lakini niliona nyuso za wanaume kumi na tisa, na nikaona kwamba kusema "kitovu cha mtoto wangu kiko hapa" ni kusema "watu wa baba yake hawakuja." Wote walikuwa wanajua. Mubi nzima inajua. Lakini kujua kwao na kusema kwangu vilikuwa vitu viwili. Na nilikuwa pale na daftari, nikiitwa Mwalimu, kwa mara ya kwanza mahali ambapo hakuna aliyeniangalia tumbo.

"Sina kitu," nikasema.

Papa Musafiri alinitazama kidogo zaidi ya alivyowatazama wengine. Sijui kama alikuwa anajua. Hilo nalo sijui. Akapita.

Nilijiambia kwamba kilima ni kikubwa, wanachimba mashimo machache tu, na babu yako hakumwonyesha mtu mahali. Nilijiambia pia kwamba baada ya miaka kumi na mitatu hakuna kinachobaki cha kipande kidogo namna ile. Nimegundua kwamba nikiwa na sababu mbili za kunyamaza, mara nyingi ya kweli ni ya tatu.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa nasafisha sakafu ya tanuri la pili. Jina lisikudanganye: ni duara la udongo uliochomeka mpaka ukawa mwekundu kama tofali, upana wa beseni kubwa, na pembeni yake vipande vya yale mabomba ya udongo ambayo mivukuto ilipulizia hewa. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kula. Brashi yangu ilifika kwenye udongo laini zaidi, mweusi, nikajua kuna shimo. Nilipaswa kuita. Niliendelea. Likatokea domo la chungu kidogo, kimefunikwa kwa kipande cha bomba.

Hapo niliita. Profesa alikuja anakimbia, mkononi muhogo wa kuchemsha, akalala kifudifudi kwenye matope na shati lake jeupe. Tukakifungua pamoja. Ndani: makaa, kisu kidogo kama kidole, kimeshika kutu, na kitu cheusi, kikavu, kirefu kama ukucha.

"Bravo Mwalimu!" alipiga kelele. "Bravo! Hii ni dawa ya tanuri! Wazee walikuwa banaiweka chini mbele ya kuwasha! Bote banasema iko, hakuna mutu aliisha kuiona huku!"

Wanafunzi walipiga makofi. Papa Musafiri alivua kofia. Na mimi nilikuwa nakitazama kile kisu. Kwenye shina, chini ya kutu, zilikuwa alama tatu za patasi.

Nenda jikoni sasa hivi ukitoka kwa Mama Kavira, uangalie kisu cha Koko, pale mpini unapoanzia. Babu yako aliweka alama hizo kwenye kila kitu alichofua. Kisu hicho cha jikoni nilikuwa nakipeleka kilimani kila siku. Muhogo aliokuwa nao Profesa mkononi saa ile ulikatwa nacho.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na sitaki uwahi kunihukumu wala kunisamehe. Alama zile hakuzibuni yeye. Alizipewa na baba yake, naye na baba yake. Huenda kila mfua chuma wa kilima kile, tangu wa kwanza, alikata alama tatu. Huenda chungu kile kiliwekwa na mtu ambaye jina lake lilisahauliwa kabla babu yako hajazaliwa, na babu yako alifanya tu kama wao, mahali pengine, hatua kumi kutoka pale, na katapila limekwisha kupita juu yako bila mtu kujua. Nimelala na mawazo haya mawili kama watoto wawili kwenye kitanda kimoja. Nikimfunika huyu, yule anabaki wazi.

Lakini pale, siku ile, sikuwa na mawazo mawili. Pale nilijua. Tumbo langu lilijua. Na nilikuwa nimekwisha kusema sina kitu, mbele ya wanaume kumi na tisa, na walikuwa wananipigia makofi, na yalikuwa makofi matamu. Hilo ndilo kosa lenyewe, usilitafute pengine. Aibu peke yake isingetosha kuninyamazisha. Ni makofi.

Profesa akanipa fishi. Nikajaza. Chungu, kina chake, rangi yake. Kisu, urefu wake, alama tatu. Nilipofika kwenye kitu cheusi, akasema, "Andika unachoona, usiandike unachofikiri." Nikaandika: Kitu cheusi, hakijulikani.

Nilipoinua kalamu niliuona mwandiko wangu. Ulikuwa uleule wa ofisi ya karani.

Jioni ile nilimwambia Koko. Ulikuwa nje unacheza kamba. Nilidhani atalia au atanipiga. Alishika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kitovu ya mutoto inatangulia mutoto kupanda gari! Na bananiambia mi ni mujinga wa kijiji! Banaifunga mu plastiki?"

"Mama, si jambo la kucheka."

"Banaiandikia namba?"

"Ndiyo."

"Yako haina hata namba. Iko tu chini ya ndizi." Akajifuta macho. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa: "Na mutoto akikuuliza?"

Nilimsihi anieleze anachokumbuka. Makaa babu yako aliyatoa wapi, karakanani kwake? "Apana, aliokota kule kule. Alisema makala ya zamani haiozi." Na chungu? "Kule kule. Ile kilima yote njo byungu." Je, alisema aliweka wapi? Alifikiri sana. "Alisema pahali pa joto." Basi. Hayo ndiyo yote tuliyo nayo: mahali pa joto.

Katoni ziliondoka kwenda Kisangani. Makaa yalipelekwa mbali kupimwa umri, na jibu lilipokuja lilikuwa la zamani mno. Profesa alinipigia simu akishindwa kumaliza sentensi. Bila shaka yalikuwa ya zamani. Yangekuwa ya zamani kwa vyovyote, hata kama aliyeyaweka chunguni ni babu yako. Ndani ya furaha yake alisema jambo lingine: kwamba mtoto wa Mwalimu hawezi kubaki bila sekondari nzuri kwa sababu tu barabara ya Goma imefungwa, na kwamba amesema na masista. Kwamba Jumapili utakuwa unakula kwake na mkewe na watoto wake. Kwamba picha ya chungu iko ukutani sebuleni.

Unaelewa sasa kwa nini miezi hii mitatu, kila uliponionyesha orodha ya vitu vya shule, nilikuwa natoka nje. Wewe ulidhani ni pesa. Nilikuwa nakuona umekaa mezani kwake Jumapili, unakula wali, chini ya picha ya kitovu chako mwenyewe, hujui. Naye hajui. Watu wote mezani hawajui, isipokuwa mimi, niko huku. Na nikisema, huenda hakuna meza, hakuna shule, hakuna kesho.

Nilipoianza barua hii saa saba, nia yangu ilikuwa kukuambia wewe peke yako na kukuachia uamue kama utamwambia. Nimeyaandika yote uliyosoma mpaka hapa kwa nia hiyo. Halafu nikasoma tena sentensi ya Papa Musafiri, ile ya hatutamcheka mtu, nikaona nataka kukupa wewe, mtoto wa miaka kumi na minne, mzigo ulionishinda mimi kwenye mstari ule. Nikaacha kalamu, nikaenda nyuma ya duka la mafuta, pale mtandao unaposhika, nikampigia.

Nilimwambia yote, haraka, kama mtu anayetapika. Kitovu, babu, mstari, sina kitu. Alama tatu.

Nilimsikia akifunga mlango.

"Kile kisu cha kukatia muhogo," akasema mwishoni, "kiko na alama tatu?"

"Kiko nazo."

"Nimekula kwa kile kisu miezi miwili."

"Ndiyo, Profesa."

"Nimekwisha kuandika, Mwalimu. Nimekwisha kusimama mbele ya watu nikasoma." Kisha: "Uko na hakika?"

"Sina hakika."

"Mbona ulinyamaza?"

Nilifikiri kumwambia ni aibu, jibu hilo lingekubalika. Nikasema, "Nilipenda ulivyosema bravo."

Akakata simu.

Nilibaki nimesimama pale kati ya mapipa ya mafuta. Kijana wa pikipiki aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia sijui, akacheka, akadhani namtania. Nilihesabu vitu vyako kichwani, begi, godoro, ndoo, nikianza kuvirudisha ndani kimoja kimoja. Nilikuwa nimekwisha kulirudisha godoro simu ilipolia.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea. Alisema kwamba kwenye kazi ile nyingine ya uchimbaji aliyoniahidi, sehemu ya barabara inayopanda Masisi, karibu na Nyamitaba, alikuwa ameandika jina langu, atalifuta. Nikasema naelewa. Nilikuwa nimeota kazi ile, Faida. Nilikuwa nimeota kurudi Nyamitaba na daftari na viatu vizuri. Basi. Halafu akauliza lori linaondoka saa ngapi.

"Saa kumi na mbili."

"Mutoto apande. Nafasi ya shule haikutoka ndani ya chungu." Akapumua. "Na uandike fishi nyingine. Andika vile unajua na vile haujui, kila kimoja mahali pake. Mutoto aniletee kwa mukono. Kuhusu kile kitu cheusi, katoni iko kwangu kazini. Atakiona. Tutaongea mimi na yeye ni nani anakiweka wapi."

Sijui kama amenisamehe. Hakusema, nami sikuuliza. Sijui atafanya nini na alichokwisha kukiandika. Papa Musafiri nitamwendea Jumapili baada ya misa, na hapo pia sijui. Nilifikiri nikishasema nitajisikia mwepesi. Sijisikii mwepesi. Najisikia kama mtu aliyeteremka kutoka kwenye lori baada ya safari ndefu, na ardhi bado inatikisika.

Kesho, kilomita chache baada ya daraja, mtapita juu ya kilima. Hutakitambua, wamekisawazisha, kuna udongo mwekundu tu na mtaro mpya wa maji. Usimwambie dereva asimame. Kama umo pale chini, lori litakupitisha juu yako mwenyewe na hutasikia kitu. Kama humo, unakwenda kujikuta. Nimejaribu kuchagua lipi ni bora nikuombee, nimeshindwa.

Kile kisu nilichokutuma ukakiangalie jikoni, usikitafute tena huko: nimekifunga kwenye kitenge changu cha kijani, kiko chini ya begi, katikati ya madaftari. Koko atalalamika kwamba majani ya sombe hayatajikata yenyewe. Nimekwisha kumnunulia kingine dukani, chepesi, hakina alama. Ukifika mbele ya ile katoni, viweke visu viwili pamoja uviangalie. Macho yako ni mazuri kuliko yangu, na hukuwa pale walipopiga makofi. Utakachokiona, ukitaka niandikie, ukitaka kaa nacho.

Nasikia sauti ya Mama Kavira barabarani, na yako, unacheka. Mmemaliza mapema. Fishi hii hapa, ikate hapa chini umpelekee. Ile ya ofisi ya karani tutaiandika upya mimi na wewe siku utakayorudi. Jina la baba yako nalijua herufi zote.

*

Kitu cheusi, kikavu, kirefu kama ukucha. Kilikutwa ndani ya chungu, chini ya sakafu ya tanuri la pili, mahali pa joto. Inadhaniwa ni kitovu cha Faida, kilichowekwa na babu yake asubuhi, peke yake, akarudi na matope magotini. Hakika: haipo. Fishi ya kwanza ilisema hakijulikani. Fishi ya kwanza ilikosea.

Aliyeandika: mama yake.